Kujivua gamba si lelemama

Wapo watu wakisikia nyoka kapita uani, hata kama kapita juzi, watazunguka nyumba na panga mpaka adhana ya magharibi. Kama nawe ni mmoja wao, msomaji wangu, sikulazimishi. Geuza ukurasa, kule nyuma kuna nyota na salamu za mapenzi. Wengine sogeeni jamvini, maana wiki hii mwenzenu nataka kuzungumza habari ya nyoka mgonjwa, tena nyoka wa kufugwa, aliyeshindwa kuvua gamba lake.

Neno lenyewe la kujivua gamba wengi wetu lilitujaa masikioni mwaka 2011, CCM walipolitangaza kwamba chama kinajivua gamba. Kila kijiwe cha kahawa kikapata mtaalamu wake wa magamba, watu wakabishana mpaka kashata zikaisha. Nyoka mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Mimi nimebahatika kumuuliza Julai ya mwaka jana, na jibu nililipata Kisesa, kwa wakwe zangu.

Mie Mzaramo wa Kisarawe, mke wangu Msukuma. Wanaoujua utani wa makabila wameshaelewa ninavyopata tabu kila nikikanyaga pale. Nikishuka tu kwenye basi, kabla sijasema mwangaluka, shemeji zangu wameshaniuliza kama huko Uzaramoni tumeshamaliza kucheza ngoma tukaanza kulima. Na mimi huwajibu kwamba nimekuja kuwafundisha kula na kijiko. Basi tunacheka, begi linapokewa, mambo yanakwenda.

Kisesa iko kwenye barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma, mwendo wa kilomita kama 20 hivi, na jirani yake ni Bujora penye makumbusho ya Wasukuma. Huko ngoma si mchezo wa watoto. Kuna Bagika na kuna Bagalu, vyama viwili vinavyoshindana tangu enzi za mafundi wao Ngika na Gumha, na ukifika mwezi wa Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo utaona watu wanavyoacha kila kitu wakaenda kutazama nani kamzidi nani kwa vituko. Ushindi ni wa mwenye watazamaji wengi. Ndiyo maana kila fundi hutafuta kitu cha kuwavuta watu kutoka upande wa pili. Na katika vitu vyote vya kuvuta watu duniani, mwenzangu, hakuna kinachomshinda chatu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni wa Bayeye, wale wanaojulikana kwa kushika nyoka na kwa dawa za waliogongwa. Kikundi chake kina chatu dume wa mita 3 kasoro kidogo, anaitwa Mabula. Kwa Kisukuma jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, naye alipatikana wakati wa masika. Kabla hujaniuliza: kibali wanacho, nimekiona kwa macho yangu, kimewekwa ndani ya mfuko wa plastiki na kufungiwa kwenye sanduku la mama mkwe pamoja na hati ya kiwanja. Chatu ni nyara ya serikali, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haitanii. Usije ukasoma hapa ukaenda kuokota wako kichakani, halafu ukataja jina langu mahakamani.

Sasa tuingie kwenye kizaazaa chenyewe.

Tulifika siku ya Alhamisi. Nilimkuta shemeji kajiinamia mbele ya banda la Mabula, hata utani hakuutaka. Kumbe nyoka alikuwa hajala wiki ya pili inakwisha. Rangi yake, ambayo siku zote hung'aa kama viatu vya bwana harusi, ilikuwa imefifia kama jivu. Macho yalikuwa meupe kwa mbali, kama umeyadondoshea maziwa yaliyochanganywa na maji, halafu siku mbili tatu kabla hatujafika yakawa yamerudi kuwa safi. Hapo wote wakafurahi, wakajua gamba linatoka usiku uleule. Halikutoka. Lilianza kwenye mdomo, likachanika, likaganda. Tulipolitazama lilikuwa linaning'inia vipandevipande mgongoni, kama mabango ya uchaguzi ukutani miezi sita baada ya kura.

Nieleze kidogo, maana nami nilielezwa. Ngozi ya juu kabisa ya nyoka ni kitu kama kucha zako. Imekufa, hainenepi wala hairefuki. Nyoka mwenyewe anakua, na hata akiwa mzee ngozi huchakaa, basi chini yake hutengenezwa nyingine mpya. Ikiwa tayari, majimaji huingia katikati ya ile kuukuu na ile mpya ili ziachane. Ndiyo hayo yanayoyafanya macho kuwa kama maziwa, kwani nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja angavu kama kioo cha saa, na hicho nacho ni sehemu ya gamba, kinatakiwa kitoke pamoja na vingine. Majimaji yakishafanya kazi yake macho hutakata, na siku chache baadaye nyoka hujisugua mdomo kwenye jiwe au gogo, ngozi ikafunguka midomoni, naye akatembea akatoka ndani yake. Gamba hubaki nyuma limepinduka nje ndani, kama soksi uliyoivua kwa haraka. Nyoka mzima huvua lote kwa mkupuo mmoja, kuanzia mdomo mpaka ncha ya mkia.

Mabula hakuvua hivyo. Vipande vya mgongo havikuwa hatari sana, ila kulikuwa na sehemu tatu zilizomnyima shemeji usingizi. Ya kwanza shingoni, gamba lilijikunja likawa pete. Ya pili ncha ya mkia, pete nyingine nyembamba kama uzi, na nyama ya mbele yake ilishaanza kuwa nyeusi kidogo. Ya tatu macho yote mawili, vile vioo vya zamani vilibakia juu ya vipya, vimekunjamana. Akawa haoni vizuri, na midomoni kwenye vile vitundu ambavyo chatu hutumia kuhisi joto la kiumbe mwingine gizani, napo pamezibwa na vipande. Chatu asiyeona na asiyehisi sawasawa hajui kama anayemgusa ni baba au ni kuku. Anafyatuka tu. Sumu hana, lakini meno anayo mengi, yote yamekunjamia nyuma kama ndoana, na akishakukamata anajizungusha. Nyoka wa urefu ule hakamatwi na mtu mmoja. Pale kwa shemeji sheria ni watu watatu, mmoja kichwani, mmoja katikati, mmoja mkiani, na watoto wote wanapelekwa kwa jirani.

Na hapo ndipo penye mshikemshike. Jumamosi ya wiki inayofuata kikundi kilikuwa kimekodishwa kwenye harusi ya mfanyabiashara mmoja wa samaki, Mwanza mjini. Malipo shilingi 300,000, na 100,000 walishapokea na kuzila kwenye ngozi mpya za ngoma na nauli. Makubaliano yalisema ngoma ya chatu. Si ngoma tu, ya chatu, maana tajiri alishawatambia wageni wake. Na fungu la shemeji katika hela hiyo lilikuwa limeshapangiwa kazi. Binti yake mkubwa alichaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoa mwingine, na ile karatasi ya mahitaji ilibandikwa ukutani sebuleni kila mtu anaisoma: godoro, shuka mbili, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, sare. Binti alikuwa anakuja bandani kila saa kumtazama nyoka kuliko baba yake alivyokuwa anamtazama.

Jioni hiyo wanakikundi walikusanyika, na unajua tena vikao vya wengi. Wa kwanza akasema livutwe tu, mbona hata ndizi inamenywa. Wa pili akataka mafuta ya alizeti, nyoka apakwe mwili mzima. Wa tatu alikuwa ameona kwenye simu mtu anabandika gundi ya karatasi kwenye jicho la nyoka na kuibandua na gamba lake. Wa nne, huyo mtu mzima kabisa na mvi zake, akasema kwa sauti ya chini kwamba wapinzani wametupa kitu, na kabla ya kuhangaika na gamba kwanza itafutwe hiyo iliyotupwa. Bwana mifugo naye aliitwa. Alikuja na pikipiki yake, akamtazama Mabula kwa umbali wa heshima, akasema yeye ni wa ng'ombe, mbuzi na kuku, na nyoka chuoni alipita naye kwa mbali sana. Nilimpenda kwa ukweli wake. Wangapi wangechoma sindano hivyohivyo wakadai chao?

Aliyeokoa jahazi ni kijana mmoja wa pale pale kijijini aliyewahi kufanya kazi kwenye bustani ya nyoka huko Arusha. Siku hizi yuko Shinyanga, anauza vipuri vya pikipiki. Akapigiwa simu, ikawekwa sauti ya juu, watu 10 tumeizunguka kama tunasikiliza mpira.

Swali lake la kwanza halikuwa la gamba. Aliuliza, "Banda likoje?"

Shemeji akaeleza kwa fahari. Banda jipya, la mbao, wavu wa chuma pande tatu, juu bati, chini maranda makavu ya fundi seremala, safi kabisa. Maji yapo, kwenye bakuli.

"Bakuli ukubwa gani, kaka? Anaweza kuingia akajizungusha humo?"

Kimya. Bakuli lilikuwa la uji.

"Na huko sasa hivi upepo vipi?"

Msomaji, kama hujawahi kukaa Usukumani mwezi wa Julai, hebu nikuambie. Tangu mwishoni mwa Mei mvua hamna. Majani yamekauka, vumbi linapita mlangoni bila hodi, midomo inapasuka, na ukipaka mafuta asubuhi saa nne umeshakuwa mweupe. Huo ndio msimu wa ngoma kwa sababu mavuno yameisha na watu wana nafasi. Na ni huohuo ambao chatu aliyefungiwa kwenye sanduku la upepo hukauka. Porini chatu si mjinga. Anakaa karibu na mto au bwawa, jua likizidi anaingia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga, humo chini kuna ubaridi na unyevu. Ngozi ikikosa unyevu yale majimaji ya katikati hayatoshi, gamba linagandia pale pale. Kijana akasema sababu nyingine ni utitiri na kupe, makovu, njaa ya muda mrefu na maradhi, lakini katika kumi aliowaona Arusha wakishindwa kuvua, wengi walikuwa wamekauka tu.

Hapo baba mkwe, ambaye muda wote alikuwa kwenye kigoda chake anasikiliza redio, akakohoa. Mzee huyu alicheza na nyoka ujanani mpaka magoti yakamkatalia. Akasema yeye wake alikuwa hamuweki kwenye kabati. Alikuwa na mtungi mkubwa wa maji uliovunjika mdomo, akaulaza kivulini, ndani akatia mchanga mbichi wa mtoni, na nyoka macho yakiwa meupe alikuwa anaingia mwenyewe bila kuambiwa. "Mlipopata mbao mkautupa mtungi," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Kijana kwenye simu akapiga kelele, "Huyo mzee ndiye mwalimu! Mfuateni huyo!"

Basi kazi ikaanza Ijumaa asubuhi. Palikuwa na pipa la chuma lililopasuliwa katikati kwa urefu, la kunyweshea ng'ombe. Likasuguliwa kwa majivu mpaka likang'aa, sabuni hapana. Maji yakatiwa ya uvuguvugu, nyuzi 28 mpaka 30 ndivyo tulivyoambiwa, lakini kipimo cha joto nani anacho? Mama mkwe akakunja mkono wa gauni, akachovya kiwiko kama anamwogesha mtoto mchanga. "Ongezeni baridi kidogo," akasema. Maji yenyewe yasizidi nusu ya unene wa nyoka, aweze kutuliza kidevu pembeni na kupumua bila kuhangaika, maana nyoka aliyechoka anazama kama mtu mwingine yeyote. Mabula akateremshwa na watu watatu, juu likatandazwa gunia na mawe pembeni, na mtu mmoja akakaa kulinda dakika zote 40. Mlinzi huyo nilikuwa mimi. Mke wangu alipita mara tatu kunitazama, sina hakika alikuwa anamwonea huruma nani.

Mara ya kwanza alitapatapa. Kisha akatulia, akawa anatoa ulimi taratibu, na nilimwona akinywa. Aliinamisha mdomo majini akanywa kwa muda mrefu, taya linapanda na kushuka, kama mtu aliyetoka safari ya jangwani. Nilimwita shemeji aje aone. Alisimama pale hakusema kitu.

Baada ya maji ikaja kazi ya taulo. Hapa ndipo wale wa kumenya ndizi wanapokosea, na inafaa nitulie niseme vizuri. Gamba kavu halivutwi. Ukilivuta linatoka na ngozi mpya ambayo bado ni laini, unamwachia nyoka kidonda, na kidonda kinaleta kovu, kovu linaleta gamba lingine kukwama safari ijayo. Unachofanya ni kuchukua taulo zito, ukalilowesha maji yale yale ya uvuguvugu, ukalikunja kama bomba, ukalishika kwa mikono miwili bila kubana, halafu nyoka mwenyewe ndiye apite. Akisukuma mwili mbele, taulo linakuwa ndiyo jiwe na gogo lake. Kinachokubali kinabaki kwenye taulo. Kisichokubali kinasubiri kesho. Daima kutoka kichwani kwenda mkiani, kamwe usirudi kinyume, magamba yamelala upande mmoja kama vigae.

Siku ya kwanza vikatoka vipande vya mgongo, vingi, vyepesi, watoto kwa jirani wanachungulia wanapiga makofi. Yule wa mafuta ya alizeti bado alikuwa na chupa yake mkononi, kijana wa Shinyanga akamkataza kwa simu. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanabeba vumbi na maranda, halafu nani atamshika chatu anayeteleza?

Chini ya kidevu tulikuta kupe wawili, wakatolewa. Utitiri tuliutafuta kwenye maji ya pipa, maana wenyewe huelea kama vumbi la pilipili manga, hatukuona. Banda likafumuliwa. Maranda yakatupwa, ukatandikwa mchanga, upande mmoja wa wavu ukafunikwa kwa turubai kuzuia upepo, bakuli la uji likarudi jikoni na beseni kubwa likachukua nafasi yake, zito asiweze kulipindua. Mtungi haukupatikana, lakini palikuwa na ndoo kuu ya plastiki iliyopasuka. Ikakatwa mlango, ndani likawekwa gunia la katani lililoloweshwa na kukamuliwa. Gunia hilo hubadilishwa kila siku lisiote ukungu, na upande mwingine wa banda unabaki mkavu, kwani nyoka akilala kwenye majimaji usiku na mchana magamba ya tumboni yanaoza. Awe na pa kuchagua. Mabula hakuchagua kwa muda mrefu. Jioni tulikuta kaingia mzima ndani ya ndoo, kabakiza pua.

Siku ya tatu pete ya shingoni ikalainika, ikapita kwenye taulo kama mkufu. Ya mkiani ilikuwa ngumu zaidi. Hiyo ndiyo inayopuuzwa na wengi kwa sababu ni ndogo, kumbe inakaba damu. Kila gamba lisilotoka safari hii likikutana na la safari ijayo zinakaba zaidi, mwisho ncha inakufa inadondoka. Ililoweshwa peke yake kwenye kikombe, asubuhi na jioni, kisha shemeji akawa anaibingirisha kwa vidole vilivyolowa, polepole, kama anayesokota uzi. Jumatatu jioni ikaachia. Ule weusi ulikuwa bado upo, ila tukaambiwa tungoje.

Yakabaki macho. Pamba haikosekani Usukumani, ndiko kwenyewe. Fundo la pamba likachovywa maji ya uvuguvugu, likawekwa juu ya jicho bila kugandamiza, dakika kadhaa, linaondolewa, linarudishwa. Kucha mwiko, kibano cha nyusi mwiko, na ile gundi ya kwenye simu mwiko mara saba, kwa sababu chini ya kile kioo kikuukuu kuna kipya, na ukivibandua vyote viwili jicho linakauka na chatu wako amekuwa kipofu. Jumanne jicho la kulia likajivua lenyewe kwenye taulo. Kigamba kilikuwa kidogo, angavu, kimejikunja kama ganda la dengu. Binti wa shemeji akakiweka kwenye kiganja akakipeleka juani akitazama mwanga unavyopita.

La kushoto likakataa.

Alhamisi wanakikundi wakakutana tena. Hoja ilikuwa rahisi: nyoka amependeza, rangi imerudi, jicho moja linaona, harusi keshokutwa. Wengi walitaka aende. Mmoja akasema jicho moja linatosha, mbona madereva wa daladala wapo. Shemeji aliwasikiliza wote. Kisha akawaambia kwamba yeye ndiye anayemweka shingoni, wengine wanapiga ngoma. Nyoka hajala karibu wiki tatu, upande mmoja haoni, na kule kuna spika, taa, na wanawake wanaopiga vigelegele karibu na kichwa chake. Akimuuma mtoto wa watu, nani atarudi Kisesa kueleza? Na baada ya hapo, akasema, atamshika vipi mnyama aliyemfundisha kuogopa mikono?

Hapakuwa na makofi wala nini. Mmoja aliondoka bila kuaga. Asubuhi shemeji alipanda gari kwenda Mwanza kwa yule tajiri, akamweleza ana kwa ana, akarudi jioni na makubaliano mapya: kikundi kitacheza bugobogobo, ngoma ya majembe, na malipo yote pamoja na ile hela iliyokwishaliwa yatakuwa 180,000. Tajiri alinuna, lakini alikubali. Nami nilikwenda kuwatazama siku hiyo, na kwa heshima zote za utani, Wasukuma wakirusha majembe yale hewani na kuyadaka, Mzaramo unakaa kimya. Ila wageni wengine walikuwa wanauliza chatu yuko wapi, hilo sikufichi.

Hesabu ya godoro haikutimia. Jumapili mbuzi mmoja wa mama mkwe akapelekwa mnadani, na binti akaondoka siku iliyopangwa, na ndoo yake na jembe lake. Kabla ya kupanda basi alikwenda bandani.

Mabula alikula Agosti mwanzoni, jogoo mmoja. Shemeji alinipigia simu usiku kama kazaliwa mtoto. Jicho la kushoto waliliacha vilevile kama walivyoelekezwa. Likivimba au kutoa usaha atafutwe daktari wa mifugo anayejua nyoka, hata ikibidi kuuliza chuo cha Sokoine Morogoro, lakini likiwa kavu na tulivu lingoje gamba linalofuata. Mwishoni mwa Septemba macho yakawa maziwa tena. Siku hizo hakuguswa wala hakupewa chakula, ndoo ikaloweshwa asubuhi na jioni.

Safari hii alivua usiku mmoja, gamba zima. Waliponitumia picha lilikuwa limetandazwa kwenye mkeka uani, refu kuliko Mabula mwenyewe, kwa sababu ngozi ikivuliwa hunyooka. Nilimwambia shemeji asogeze simu kichwani. Vigamba vya macho vilikuwepo, vyote viwili, na cha kushoto kilikuwa kinene, viwili vimegandana. Ncha ya mkia nayo ilikuwepo, imechongoka.

Sasa kuna ugomvi mpya. Gamba lenyewe mama mkwe anataka litundikwe sebuleni, palipokuwa na ile karatasi ya mahitaji, baba mkwe anasema litampa jinamizi, na binti ameandika kutoka shuleni kwamba asiguse mtu, mwalimu wake wa baiolojia analitaka.